Mkono Uliolala

Usiku ule nililala nimenuna. Tangu alasiri nilikuwa nimegombana na binti yangu Rehema, na sababu ya ugomvi imetundikwa stoo kwenye misumari miwili, huu mwaka wa sita: baiskeli ya marehemu babu yangu. Rehema amechaguliwa sekondari iliyo upande wa pili wa mji, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu, na shule zinafunguliwa Jumatatu. Wenzake wote wa mtaani watakwenda kwa baiskeli. Hapa kwetu Tanga hilo si jambo la kuuliza. Bibi harusi wa juzi utamkuta leo njia ya sokoni, baibui kalikunja vizuri, anakanyaga. Mimi nikasema hapana. Baba yake akasema baiskeli ni urithi wako, na uamuzi ni wako. Rehema akanitazama kwa macho makavu.

"Mama, kwani babu aliuawa na baiskeli au na lori?"

Nikamwambia akalale.

Niseme kwanza habari za huyo babu, maana bila yeye ndoto yenyewe haina kichwa wala miguu. Alikuwa tarishi. Alipeleka barua za ofisi kwa baiskeli mpaka akastaafu, na baada ya kustaafu akaendelea kukanyaga kana kwamba barua bado zinamsubiri. Aliniita mke wangu, kama mababu wanavyowatania wajukuu zao wa kike, na bibi naye akaniita mke mwenza na kuninyima ukoko. Lakini barabarani babu hakuwa na utani. Akitaka kukata kona, hutazama nyuma, hunyoosha mkono, ndipo hukata. Hata akiingia uani kwake mwenyewe, mkono unanyooka. Siku moja nikamcheka, nikamwambia, babu, nyuma yako kuna kuku tu. Akanijibu bila kucheka, "Kuku naye ana roho."

Alipenda kusema mwenda pole hajikwai. Na kweli, hakujikwaa. Methali ile haisemi lolote juu ya mwenda pole anayegongwa na mwenye haraka zake.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimesimama nje ya nyumba yetu, ambayo iko mkono wa kulia kwa anayetoka mjini. Babu alikuwa anarudi nyumbani kutoka msikitini, kanzu kaipandisha isije ikanaswa na mnyororo. Nilifurahi kumwona, nikapaza sauti, "Shikamoo, babu!" Akanigeuzia uso, anatabasamu, mkono wake uko hewani, mdomo umeanza kufunguka. Lori la mchanga likatokea nyuma yake. Hakuwahi kuitikia.

Dereva alishuka. Watu walipomzonga akasema, "Mzee kanipungia mkono, jamani. Nikajua ananipa njia nipite." Watu wakasikitika, wengine wakaanza kumwonea huruma. Mimi nikanyamaza, kwa sababu nilijua babu alikuwa anampungia nani. Miaka sita nimekaa na jambo hilo peke yangu: kwamba shikamoo yangu ndiyo iliyomwua babu. Sikupanda tena baiskeli. Rehema nilimpiga marufuku kumwamkia mtu yeyote barabarani, hata jirani yetu Bi Mwanahawa akaja kunishtakia. "Huyu mtoto wako ananipita kama anaupita mgomba. Ni malezi gani haya?" Nikamwomba radhi, ila sababu sikumpa.

Sasa ndoto. Nipo katika zahanati ninakofanya kazi, napanga faili za wagonjwa, na kila faili ninayoifungua ina barua ndani badala ya karatasi za dawa. Nikasikia kengele ya baiskeli. Naijua kengele ile, ina mlio wa kukohoa. Nikatazama dirishani, babu yupo nje, mguu mmoja kaushusha chini. Alipiga keria kwa kiganja mara mbili, kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, nami nikatoka, nikapanda. Hakuna aliyeniuliza ninakwenda wapi. Nilipotazama miguu yangu, nikaiona imevaa viatu vya shule na haifiki chini.

Tukaingia Ngamiani. Barabara za Ngamiani huitwa kwa namba, na mtoto wa Tanga huzijua kabla hajajua jedwali la kuzidisha. Tunapita ya tano, tunapita ya nane, tunapita ya kumi na mbili. Kila njia panda babu anatazama nyuma, ananyoosha mkono, anakata. Mgongo wake unanukia sabuni na mafuta ya mnyororo. Tunapita ya ishirini, kisha tupo ya hamsini, ambayo Ngamiani haipo, nami sishangai hata kidogo. Nimefurahi tu. Nilikuwa nimesahau raha ya kubebwa.

Kisha magari yakaanza kutupita. Yalikuja mengi, yakitupita karibu mno, upepo wake ukivuta baibui langu. Ndani ya kila gari namwona mtu ninayemjua. Mume wangu, simu sikioni, anacheka na mtu wa upande wa pili. Daktari wetu wa zahanati, kikombe cha chai mkononi, usukani kaushikilia kwa goti. Bi Mwanahawa, ambaye maishani mwake hajawahi kuendesha hata toroli, anatupigia honi na kutusonya. Hakuna mwenye sura ya ubaya. Wana haraka tu, kila mmoja na yake, na macho yao yanatupita juu kwa juu. Nikaogopa. Nikaivuta kanzu ya babu, nikamwambia tujibane pembeni, tuingie kwenye majani, wapite hawa.

Babu akatikisa kichwa.

"Ukijibana sana, mke wangu, wanakuhesabu jani."

Akabaki palepale alipokuwa, si katikati ya njia, si kwenye majani, kiasi cha hatua moja kutoka ukingoni. Anakanyaga polepole. Na yale magari, moja baada ya jingine, yakaanza kupunguza mwendo na kutuzunguka. Bi Mwanahawa alikuwa wa mwisho, na bado anasonya.

Sikuona tulipokata kona, ila barabara sasa ni ya kwetu. Naiona nyumba kwa mbele, mkono wa kulia. Nje ya nyumba amesimama mwanamke kajifunga khanga ambayo niliigawa siku ya hitima ya babu, kwa kuwa sikutaka kuiona tena. Nikajua mwanamke yule ni mimi, na leo ni Ijumaa.

Nataka kushuka nikamzibe mdomo. Miguu haifiki chini. Nataka kumwambia babu asimame, sauti haitoki. Babu anatazama nyuma, nami natazama anapotazama. Lori lipo, lakini liko mbali sana, dogo kama kiberiti. Babu ananyoosha mkono wa kulia. Umenyooka kutoka begani, kiganja kimetazama chini, kama mtu aliyeuegemeza juu ya meza. Namtazama yule mwanamke. Bado hajasema kitu. Anafunika jua kwa mkono, anatafuta ni nani anayekuja. Babu ameushikilia mkono palepale. Nahesabu moja, mbili, tatu, nne. Ndipo mwanamke anapomtambua, anafurahi, na naisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka ng'ambo.

"Shikamoo, babu!"

Kila kitu kikasimama. Baiskeli imesimama bila kuanguka. Lori lile dogo sasa liko nyuma yangu kabisa, kubwa, mchanga umeganda hewani juu yake. Nikageuka, nikamwona dereva kwenye kioo. Kainamisha kichwa, anasoma kitu kwenye simu, midomo inacheza kwa kile anachokisoma. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa kijana kiasi kile. Nilimkasirikia na kumwonea huruma kwa pamoja, na sikujua lipi nianze nalo.

Sauti yangu ikarudi. Nikasema, "Babu, nisamehe. Niliwaacha waseme ulimpungia. Nilijua ulikuwa unanipungia mimi."

Babu hakugeuka. Alikuwa anautazama mkono wake, kama anavyoutazama fundi ubao aliounyoosha mwenyewe.

"Mkono wa salamu hupanda. Wangu ulikuwa umelala."

Nikautazama nami. Ulikuwa umelala. Na pale pale, ndani ya usingizi, nikakumbuka kwamba niliuona hivyo hivyo siku ile, kwa macho yangu, mchana kweupe: umenyooka, kiganja chini, kabla sijafungua mdomo. Niliuona, kisha dereva akasema maneno yake, nami nikayachukua maneno yake nikayaweka mahali pa macho yangu. Nikalia. Nikamwambia, lakini nisingekuita, babu, nisingekuita usingegeuka.

"Nyuma nilikwisha tazama," akasema. "Nikamwambia nakata kona. Hakunitazama."

Kisha akageuka. Uso wote, na tabasamu lile lile ambalo nililiona nusu, leo nikaliona likifika mwisho wake. Mdomo ambao uliishia katikati ukafunguka.

"Marahaba, mke wangu."

Sijui nieleze vipi. Nimeitikiwa shikamoo maelfu ya mara tangu nizaliwe. Hii moja tu ndiyo iliyokuwa haijaitikiwa, na kila asubuhi kwa miaka sita ilikuwa inanikaa kooni. Niliisikia ikishuka.

Miguu yangu sasa inafika chini. Nikashuka kwenye keria. Babu akaweka mguu kwenye pedali, akanitazama kwa ule ukali wake wa barabarani.

"Mtoto usimkataze salamu. Mfundishe mkono."

Akatazama nyuma, akanyoosha mkono, akaingia uani. Hapakuwa na gari wala mtu. Kulikuwa na kuku watatu, nao walimpisha.

Niliamka mto umelowa. Adhana ilikuwa imekwisha na kumeanza kupambazuka. Mume wangu bado anakoroma. Nje nasikia ufagio, Rehema anafagia uwanja kwa hasira, anakwangua hata mahali pasipo na takataka. Nikakaa kitandani nikijiuliza kama ndoto ni ushahidi. Si ushahidi. Hakuna mahakama itakayompokea babu na kanzu yake. Lakini ule mkono sikuuota tu, niliuona, na sasa nimeukumbuka, na leo hii nitamsimulia mume wangu, na Bi Mwanahawa pia, na yeyote aliyekuwepo siku ile akamwonea huruma dereva peke yake.

Rehema akaja mlangoni, ufagio mkononi. Bado kanuna, lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Nikavuta pumzi. "Baba yako akiamka, mwambie aiteremshe baiskeli. Mpira wa mbele utakuwa umeoza, aipeleke kwa fundi leo leo."

Akanitazama kama mtu anayengoja nicheke. Sikucheka. Nikamwambia aje karibu.

"Upo barabarani. Unataka kukata kulia. Umeshatazama nyuma. Nioneshe mkono."

Akaunyoosha, na ufagio wake humo humo. Aliunyoosha juu mno, kama anamwita mtu aliye mbali. Nikamwondolea ufagio, nikaushika mkono wake kifundoni, nikaushusha taratibu mpaka ukalala. Nikakigeuza kiganja kitazame chini.

"Hivi. Uache hapo mpaka uhakikishe wamekuona. Na usijibane kwenye majani."

Aliushikilia.

"Na nikimkuta Bi Mwanahawa njiani?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Mwamkie," nikasema. "Mwamkie kwa mdomo. Mkono una kazi yake."