Koti la Babu Lisilo na Tepe

Mtaa mzima ulimwita Bi Pindo, kwa sababu hakuwahi kumwacha mteja atoke dukani na pindo lililokwenda upogo. Ukimwambia "si neno, shona tu hivyo hivyo", atakutazama juu ya miwani mpaka ujute kuvaa nguo. Hakuwa mtu wa kubabaishwa, na shangazi yake, aliyemlea, alilijua hilo vizuri siku alipomletea koti la jeshi la babu.

Shangazi ndiye mtoto pekee wa babu aliyebaki hai. Kaburi la baba yake lilikuwa likiwekewa jiwe jipya, ukoo wote ungekusanyika, na fundi mawe alikuwa anasubiri maneno ya kuchonga. Maneno shangazi alikuwa nayo zamani: Sajini, Mpiganaji Hodari. Siku hiyo alitaka mjukuu mkubwa alivae koti lenye tepe tatu za usajini mkononi.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema akiziweka tepe mpya mezani, "na mkono wa baba yangu uvikwe tepe zake. Hivyo viraka vya mabegani viondoe, mwanangu, vinatia aibu."

"Niachie, shangazi."

Bi Pindo alilitandaza koti kwenye meza ya kukatia. Tepe hurudishwa pale pale zilipokuwa, hakuna kubahatisha, kwa hiyo alianza kutafuta matundu ya sindano ya zamani. Akaugeuza mkono ndani nje, akauinua dirishani. Hakuna kitu. Kitambaa kizito kama kile hakisahau sindano, na rangi yake ilikuwa imefifia sawasawa, bila alama ya chochote kilichowahi kukikinga na jua. Koti lile halikuwahi kuvaa tepe hata moja.

Viraka navyo vilimshangaza. Vilikuwa vya turubai, kiraka juu ya kiraka, mabega yote mawili, vimeshonwa na mtu asiye fundi lakini mwenye shida. Bunduki huning'inia bega moja. Huyu alikuwa akibeba nini?

Ilimuuma, tusifichane. Yeye pia alikua akiwatambia wenzake kwa huyo sajini. Lakini kumshonea babu uongo mkononi, hilo hapana! Akafunga duka, akakunja koti, akaenda makumbusho ya jeshi.

Mwangalizi wa pale, askari mstaafu, alipoyaona mabega alimpeleka moja kwa moja penye machela ya kubebea majeruhi. Ilikuwa na mikanda ya kupitisha mabegani, ili uzito usiilemee mikono. Bi Pindo aliomba ruhusa, akaliweka koti chini ya mikanda. Ikalala juu ya viraka, huku na huku, bila kupitiliza.

"Na hawa walipewa bunduki?" aliuliza.

"Bunduki wangeishika na mkono gani, dada? Waliingia risasi zikilia, wakatoka na mtu."

Alirudi kwa shangazi kichwa juu, akamweleza yote bila kuzunguka mbuyu.

"Kwa hiyo baba yangu alikuwa hamali?" shangazi alifoka. "Na mimi maisha yangu yote nimewaambia watu nini?"

"Wenzake walipolala chini kukwepa risasi, yeye alisimama akambeba mtu. Mimi namwonea fahari kuliko jana, shangazi. Tepe sishoni. Ukizitaka, tafuta fundi mwingine."

Shangazi alilivuta koti mapajani. Akawa anakipapasa kiraka kimoja.

"Tulipokuwa watoto tulimuuliza, baba, uliua wangapi? Anainuka, anatoka nje. Nikadhani ni wengi mno, anaona vibaya kutaja. Nikawatajia wenzangu mimi." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Kumbe tulikuwa tunamuuliza swali la mtu mwingine."

Kisha akachukua simu, akampigia fundi mawe.

"Ondoa sajini. Ondoa na mpiganaji."

"Sasa niandike nini, mama?"

"Andika, Alibeba Wenzake."

Kona moja ya kiraka ilikuwa imeachia. Bi Pindo alirudi na koti dukani, akaishona kona hiyo kwa mkono, akiufuata mshono wa babu ulivyokwenda upogo, na kwa mara ya kwanza kazi iliyopinda ikatoka dukani kwake.