Msalaba ambao Shimba hataki kulipwa

Saa mbili asubuhi, mtaani Igogo, Alexander Shimba anachovya brashi kwenye rangi nyeusi na kuandika "ANTONI" juu ya msalaba wa mbao. Herufi ya pili inapinda. Anaifuta kwa kitambaa, anaanza upya.

"Kaka, leo umeamkia gongo?" anamtania Modesta, mdogo wa marehemu Antoni, anayesubiri kwenye benchi.

Shimba, 45, hacheki. Ameandika misalaba kwa miaka sita, tangu alipopunguzwa kazi kiwandani mwaka 1991. Mmoja huuzwa shilingi elfu tatu. Huu amekataa kulipwa.

Modesta anapokwenda kununua chai, Shimba anamweleza mwandishi wetu sababu. Mwaka 1966 alisoma seminari na Antoni. Sukari ya mapadri iliibwa, na ufunguo wa stoo ukakutwa chini ya godoro la Antoni.

"Padri alimsimamisha darasani, akaandika ubaoni neno la Kilatini, nequam. Maana yake mtu mwovu, asiyefaa kitu. Akamwambia alibadilishe: umoja, wingi, kiume, kike. Antoni alituzidi wote Kilatini. Akasema, 'Padri, neno hili halibadiliki.' Padri akamjibu, 'Kama wewe.' Kesho yake akafukuzwa."

Anachovya tena brashi.

"Sukari niliiba mimi. Ufunguo niliuweka mimi."

Antoni, aliyetaka upadri, alibeba magunia ya dagaa sokoni Kirumba hadi kifo chake mwezi uliopita.

Mazikoni, mzee wa ukoo aliuliza kama ilivyo desturi: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze. Mvuvi mmoja alitaja nyavu alizoazimwa na marehemu. Shimba aliangalia viatu vyake.

"Jumamosi tunaanua matanga. Watauliza tena. Safari hii nitasimama," anasema, na kuomba habari hii isitoke kabla ya siku hiyo. "Wasinisome gazetini kabla hawajanisikia."

Modesta anarudi na vikombe viwili.

"Kunywa, kaka. Marehemu alikuwa hachoki kukusifu. Alikuwa akisema siku alipofukuzwa, wote walimkimbia, wewe peke yako ulimbebea sanduku mpaka barabarani."

Shimba anapokea kikombe. Hanywi. Anakiweka chini kando ya kopo la rangi, anajifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Modesta," anasema, "kaa kwanza. Jumamosi ni mbali."