Bwana Yangu Alikuwa Anafuata Mifupa ya Imbwa kwa Maman Zawadi

Habari yako weye mwenye huu ukurasa, na habari ya wote wenye kusoma. Jina langu ulifiche, kwani Bukavu tunajuana. Niko mama wa miaka sabini, bwana yangu angali muzima, na wajukuu wanajaa nyumba. Mutasema kwa umri huu wivu inatoka wapi. Mungoje kwanza niwaelezee.

Ilikuwa wakati wa Zaïre. Tulikuwa tumeoana si zamani, tunakaa Kadutu, mutoto wetu Amani akiwa anatambaa. Bwana yangu alikuwa shofere wa muzungu mumoja wa kahawa. Wakati serikali ilinyanganya wageni mali, yule patron alirudi kwao akamuachia imbwa yake, jike kubwa ya masikio kusimama, jina Diane. Hiyo imbwa ilikataa bugali. Ilizoea nyama mubichi na mifupa. Nikasema, "Papa Amani, siye wenyewe tunakula majani ya sombe, imbwa ikule nyama?" Akacheka, akasema anajua mutu wa kumusaidia.

Ule mutu alikuwa maman Zawadi. Mbele alipikaka kwa yule muzungu, ni yeye aliyekuwa anakulisha Diane. Sasa aliuzisha nyama karibu na soko. Mwanamuke murefu, akicheka mwanya inaonekana. Kila samedi, ndiyo jumamosi, bwana yangu alibeba beseni akaenda kwake. Na alikuwa ananyoa ndevu kwanza! Alirudi na shingo ya ngombe na mbavu, na maneno mengi.

"Maman Zawadi anasema mufupa usipikwe hata kidogo, ukipikwa unapasuka vipande vikali, unachoma tumbo. Maman Zawadi anasema uwe mukubwa kupita mudomo ya imbwa, na nyama ingali juu yake. Usimame hapo ikikula, kikibaki kipande kidogo ukiondoe. Usizidishe mifupa, choo yake itakuwa ngumu, nyeupe kama chaki."

Supu yangu hakuisifu hata siku moja, lakini shingo ya ngombe ya ule mwanamuke aliigeuza geuza kama nguo mupya. Hata beseni! "Isiguse sahani ya mutoto, maman Zawadi anasema uioshe na sabuni, na mikono yako pia." Siku ile nilichoka. Nikamuuliza, "Na namna ya kulala na bibi yako, maman Zawadi anasemaje?" Akabeba beseni akaenda kuiosha. Ningependa kama angekasirika.

Samedi moja nikabeba Amani kwenye mugongo nikamufuata. Nilimukuta amekaa kwenye kiti ya maman Zawadi, ndani ya duka, wote wawili wanacheka. Ule mama akaniangalia, akasema, "Karibu! Mutoto anafanana baba yake kabisa, hata paji ya uso." Toka lini alijua paji ya uso ya bwana yangu hivyo? Nilirudi nyumbani bila kuaga.

Kisha bwana yangu akatumwa Kamituga kupeleka mizigo na camion. Mama mukwe akatoka Mumosho kututembelea, tukapika mbuzi. Kumaliza kula akamutupia Diane mifupa ya ndani ya sufuria. Nikamwambia, "Mama, hii haikulake mifupa ya kupikwa." Akajibu, "Imbwa ni imbwa." Hatukukaa sana, Diane akaanza kulia, mate yanashuka, anajikuna mudomo na miguu yote mbili ya mbele. Nikajua mutu moja tu wa kukimbilia. Nilikimbia nikiwa nalia, na haikuwa juu ya imbwa tu.

Maman Zawadi akakuya vile alivyokuwa, na tabulie yake ya kukatia nyama, ingali na damu. Akaniambia nishike kichwa. Akafungua mudomo, tukaona kipande cha mufupa kimekwama kati ya meno ya juu, huku na huku. Akakitoa polepole na mukia wa kijiko. Akasema, "Umuchunge. Akitapika ao tumbo ikiwa ngumu, umupeleke kwa daktari wa wanyama."

Wakati nilimumwangia maji anawe, nikasema, "Asante, maman. Lakini uniambie kweli. Weye na bwana yangu, kuna nini?"

Akapanguza mikono. "Alitaka kunioa mbele ya kukuoa weye. Nilimukataa. Sasa anakuyaka juu ya mifupa."

"Juu ya mifupa tu?"

"Kwa upande wangu, ndiyo."

Kwa upande wake! Bwana yangu kurudi, nikamuuliza upande wake uko namna gani. Akauliza, "Diane iko muzima?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi," akaenda kuoga. Kisha maman Zawadi aliolewa Kamanyola, akahama. Diane nilimukulisha miye, na mikono yangu, mupaka akazeeka akakufa.

Sasa maman Zawadi amekuwa mujane, amerudi Bukavu. Binti yangu ametuletea katoto ka imbwa, na muzee wangu anasema tumuite maman Zawadi atuonyeshe namna ya kukakulisha. Nikamwambia, "Hayo yote nayajua." Akajibu, "Najua unajua. Lakini yeye..."

Anakuya dimanche kiisha misa. Jana muzee ameniomba nimupigie pasi shemizi yake nyeupe. Nimeipiga. Ndugu zangu, nimupokee ule mama na chai ninyamaze tena, ao nimuulize bwana yangu mbele yake lile neno alikataa kunijibu? Munishauri, nifanye nini?