Swali la Kupiga Goti

Mhariri wangu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mvivu wa kufikiri. Kwake yeye, mwanamke gazetini aliandika mapishi, ushonaji na namna ya kumwogesha mtoto. Bungeni nilipelekwa kwa sababu mwandishi wa huko alishikwa na malaria. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami nikajikuta nimekaa Dar es Salaam kwenye roshani ya waandishi, mwanamke peke yangu katikati ya moshi wa sigara za wanaume. Niliipenda kazi ile tangu asubuhi ya kwanza. Nilipenda hata kuwatazama wakubwa wakisinzia.

Mgonjwa alipopona, nilikataa kurudi kwenye mapishi. Mhariri akacheka.

"Haya, Bunge limeahirishwa," akasema. "Nenda kwenu Shinyanga, mfuate mbunge wenu jimboni. Ukileta habari ya maana, roshani ni yako. Ukileta hotuba tupu, utatuandikia namna ya kupika mlenda."

Mlenda naupenda sana, lakini nilipanda treni nikiwa na hasira.

Habari yenyewe niliijua hata kabla ya kufika Tabora. Wakati wa kampeni, mbunge wetu alikuwa ameahidi kisima cha pampu. Mama yangu bado alikuwa akifukua mchanga wa mto uliokauka, anasubiri maji yajikusanye, anachota kwa kibuyu. Na mimi nilikuwa nimekaa roshani mkutano mzima, sikumsikia mheshimiwa akifungua mdomo hata kuomba dirisha lifungwe.

Tatizo lilikuwa baba. Yeye na mbunge walichunga ng'ombe pamoja utotoni, wakaoa mwaka mmoja. Nilimweleza nilichokuja kufanya.

"Muulize hapa nyumbani, tukiwa sisi watatu," akasema. "Ukimwaibisha mbele za watu, umeniaibisha mimi. Usije ukauona tena mlango huu."

Nilijua pale nyumbani angejibiwa baba, si mimi, na jibu lingeishia kwenye pombe. Sikulala vizuri. Nilimpenda baba, na roshani ile niliitaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Mkutano wa mbunge na wananchi ulifanyika mbele ya ghala la pamba. Wanaume wawili walisimama wakauliza kuhusu kisima, wamenyooka kama askari. Mbunge akawajibu kwamba suala hilo linashughulikiwa, wajumbe wa chama waliokaa mbele wakapiga makofi, na wale wawili wakaketi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kusimama hakusaidii. Kila aliyesimama aliweza kuketishwa.

Mheshimiwa alipoanza kuelekea kwenye Landrova yake, nikamtangulia njiani nikapiga goti, kama binti yeyote wa Kisukuma anavyomwamkia rafiki ya baba yake.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mwanangu. Mhola?"

"Mhola duhu," nikajibu, yaani salama tu.

Sasa, salamu zetu si za kupita. Unaulizia nyumba, unaulizia watoto, mifugo, mvua, shamba, na mtu mzima hamruki binti aliyepiga goti akaenda zake. Nikaulizia kila kitu, taratibu, kwa sauti ya adabu. Watu wakanyamaza kusikiliza. Ng'ombe hawajambo. Mvua haijambo kidogo. Goti lilikuwa linaniuma kwa kokoto.

"Na maji, baba? Kule Bungeni mmetuulizia maji yetu?"

Akatazama gari. Akatazama watu. Akanitazama mimi pale chini, na nadhani alitafuta namna ya kunikasirikia akaikosa.

"Bado, mwanangu," akasema polepole. "Sijauliza."

Wanawake waliokuwa nyuma wakaguna wote kwa pamoja. Nilipogeuka kumtafuta baba, niliuona mgongo wake tu, anaelekea nyumbani. Nililia ndani ya basi mpaka Shinyanga mjini, sioni haya kusema.

Mhariri aliiweka habari ile ukurasa wa mbele. Goti alilikata, eti halina uzito. Roshani ikawa yangu, na nikaikalia miaka mingi mpaka vijana wakaanza kuniamkia shikamoo. Lakini hakuna siku niliyoifurahia kama ile ya mkutano wa Bunge uliofuata, mbunge wetu aliposimama na karatasi mkononi, akamuuliza waziri habari za kisima cha kwetu. Alipomaliza aliinua macho kutafuta roshani. Nami nikaandika swali lake neno kwa neno.

Pampu ilichelewa, lakini ilifika. Muda wote huo baba hakunitumia hata salamu. Mama ndiye aliyeniandikia kwa mkono wa mwalimu wa shule: njoo uyanywe maji yako.

Nikaenda. Baba alikuwa uani kwenye kigoda, na kando yake, kwenye kiti cha wageni, alikuwa amekaa mbunge, wanakunywa pombe kwenye kibuyu kimoja. Nikaweka mzigo chini, nikakusanya kanga yangu, nikaanza kushuka.

Baba akainua mkono.

"Ngoja," akasema. "Kabla hujapiga goti, tuambie kwanza: leo unataka kutuuliza nini?"