Majimoto ya Mjomba

Mjomba wangu amesomea uhandisi wa mabomba, na kwa kuwa mabomba hupita ardhini, anajiona bingwa wa kila kinachoishi huko. Basi majimoto, wale chungu wekundu wanaouma kama kaa la moto, walipojenga vichuguu vitatu kwenye nyasi za nyumba yetu, mtaani Madinat Sultan Qaboos, hakuitwa mtu wa dawa. Mjomba alijiita mwenyewe.

Mama alishakereka. Mdogo wangu wa kike alivimba mguu mpaka kiatu cha skuli kikamkataa.

"Mpaka Ijumaa," mama akamwambia kaka yake. "Wakiwapo bado, namwita fundi wa kule mtaa wa Ghala atandike vigae uwa mzima. Nshachoka."

Vigae! Zile nyasi ndizo uwanja wangu wa mpira, na sina mwengine. Sasa roho ya uwanja huo iko mikononi mwa mtu anayevaa miwani ya kuogelea ili anyunyize unga wa sumu.

"Hii sayansi, si mchezo," akaniambia. Kichuguu cha kwanza unga, cha pili dawa ya kumimina, cha tatu wabaki chungu wenyewe bila kutiwa kitu, apate kulinganisha. Akiondoka, akamwachia dada wa Kiganda anayetusaidia kazi za nyumbani aendeleze, akimpigia kelele: "Usivichanganye! Cha kwanza unga, cha pili dawa, cha tatu majimoto tu!"

"Sawa, baba," akajibu kutoka jikoni.

Ijumaa baada ya sala tukakusanywa tushuhudie. Kichuguu cha unga kimejaa chungu tele, wazima, wamenona. Wale wa dawa wamehamia pembeni, wamejenga jumba kubwa zaidi. Cha tatu kimya, hakuna hata mmoja.

Mjomba akashika ndevu. "Subhanallah! Dawa imesafiri chini kwa chini."

"Ikawaruka waliotiliwa?" nikamuuliza.

"Nyamaza, hujasoma bado."

Mama alikuwa akitazama nyasi zilizobabuka. "Na hizi nani kazichemsha?"

"Ni mimi, mama," dada akasema. "Baba alisema maji moto tu. Nimemwaga kila asubuhi."

"Majimoto ni chungu!" mjomba akafoka.

"Chungu? Hapana, baba. Mimi nilitumia birika."

Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mama naye akacheka, nikadhani tumesalimika. Kisha akatoa simu. "Fundi? Njoo kesho."

"Dada yangu, nipe wiki moja tu, nirudie jaribio..." mjomba akaanza kumsihi mama.

Hakuna aliyemsikiliza. Nikaenda kung'oa magoli yangu.