Salamu za Kasaji

Kazi yangu redioni Kolwezi ni kuhamisha vipindi vya zamani kutoka kwenye kaseti hadi kwenye kompyuta. Asubuhi moja, katika kipindi cha salamu, nilisikia sauti ya baba, akijitaja jina na kutusalimu sisi wa Kasaji. Alituacha nyumbani Kasaji nikiwa mdogo, akaenda kufanya kazi mgodini Musonoi, huku Kolwezi. Hakurudi, na mama alikufa akiamini kwamba alitusahau.

“Mi niko muzima,” baba alisema. “Mama ya batoto, muningojee. Nitakuya na treni.”

Nyumbani hatukuwa na redio.

Mwenzangu wa mezani aliona nimevua visikilizio. “Tata, kuko nini?” aliniuliza, akiniita baba kwa heshima.

“Ni salamu tu,” nilijibu.

Nilingoja machozi, hayakuja. Nikaandika jina la kipindi kwenye faili, nikaweka kaseti nyingine.