Pete ya Mpira Kisimani

Elieza Mlowe hakuwa mtu wa kukaa. Hata kanisani alichagua benchi la nyuma, karibu na mlango, ili akizidiwa atoke anyooshe miguu na kurudi kabla mkewe hajageuka. Watu wa kwao Njombe walisema tabia hiyo aliitoa Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu, alikokwenda akiwa kijana na kurudi na mvi. Kule alikuwa fundi wa pampu za shimoni. Pampu ikizimika, maji hupanda, na walio chini hukimbilia ngazi. Mtu aliyeishi hivyo kwa miaka mingi, masikio yake hayalali tena.

Dhahabu ilipopungua akarudi nyumbani. Miwati ilikuwa imeshapandwa vilima kwa vilima, na kando ya barabara ya Makambako kikajengwa kiwanda cha kuchemsha magome yake ili kupata dawa ya kutengenezea ngozi. Kazi hiyo hula maji mengi mno. Kwa hiyo kikachimbwa kisima kirefu, chembamba, na ndani yake ikashushwa pampu ambayo hata Elieza hakuwahi kuiona mfano wake. Ilikuwa ndefu kupita mtu, nyembamba kama gogo la mwati mchanga, na mota yake ya umeme ilikaa humohumo majini, imefungwa ndani ya chuma na kujazwa mafuta. Maji yakipenya tu, mota inaungua.

Mwaka ule mvua zilichelewa, kisima kikaanza kutoa mchanga, na pampu ikadhoofika. Wakaivuta juu, bomba baada ya bomba. Mchanga ulikuwa umetafuna mapanga yanayosukuma maji hadi yakawa makali kama wembe. Vipuri vipya vikaletwa, na injinia wa kiwanda, mzungu mmoja asiyependa maneno mengi, akamkabidhi Elieza kazi ya kuiunganisha upya.

Alitandika turubai safi bandani. Akapanga kila kipande kwa mfuatano wake, akafuta, akapaka grisi, akaingiza mapanga kwenye shafti moja moja huku akiizungusha kwa mkono asikie kama kuna mahali inakwaruza. Alipofika kwenye kifuniko cha mota, ambako pete nyembamba ya mpira hukaa kwenye mfereji wake kuzuia maji, mtu akasimama mlangoni. Alikuwa Manase wa Tandala, mume wa binti yake Kristina, aliyefika kwa lori la magome akiwa amelowa ukungu.

"Kamwene, baba," Manase akamsalimu. "Kristina tumempeleka hospitali tangu jana. Uchungu umemshika na mtoto hashuki. Mama nimempitia nyumbani, yuko nje kwenye lori."

Elieza akatoka. Ema, mkewe, alikuwa amekaa mbele na kikapu magotini. Hakumwomba waende wote. Elieza akamwambia watangulie, kwa kuwa boila zilikuwa zimezimwa na kiwanda kizima kilikuwa kinangoja maji. Lori likaondoka. Akarudi bandani, akafunga kifuniko, akakaza bolti kwa kupishanisha ili kikae sawa, na kabla jua halijazama pampu ikawa imerudi kisimani. Maji yakaja ya kahawia, kisha meupe. Watu wakapiga makofi.

Tangu saa hiyo akakosa raha. Chakula kilimkwama. Alizunguka nyumba, akapasua kuni ambazo hazikuhitajika, akatembea mpaka barabarani kutazama malori yatokayo Njombe. Alijiambia ni Kristina. Mzazi yeyote angekuwa hivyo.

Ema aliporudi alikuwa anacheka kabla hajashuka garini. Mtoto alikuwa wa kiume, Kristina alikuwa mzima, amechoka tu. Elieza akashukuru Mungu kwa sauti, akakaa, na mara akasimama tena. Kile kitu kifuani hakikuwa kimeondoka. Ndipo akakielewa. Alikumbuka kuishika pete ya mpira. Alikumbuka Manase mlangoni. Alikumbuka kukaza bolti. Kati ya hapo hakukumbuka kitu.

Akamweleza Mikaeli Haule, mnyapara wa vibarua, mtu mpole wa Ludewa. Mikaeli akamwambia pampu inafanya kazi vizuri, aiache. Isitoshe, akiomba ivutwe na pete ikutwe mahali pake, injinia hatamwamini tena. Elieza akakubali. Lakini kila alipopita kisimani alilaza kiganja kwenye bomba, akisikiliza mtetemo, na kila siku aliuona tofauti na jana.

"Baba Kristina," Ema akamwambia mwishowe, "unatembea mpaka unanichosha mimi niliyekaa. Nenda ukaseme, halafu yatakayotokea yatokee."

Akaenda. Injinia akamwuliza kama ana hakika pete haipo.

"Sina hakika, bwana," Elieza akasema. "Nilicho na hakika nacho ni kwamba sikumbuki kuiweka."

Mzungu yule akaamuru pampu ivutwe Jumapili, kiwanda kikiwa kimelala. Vijana wa winchi walinung'unika kwa kukosa ibada, na baridi iliwauma vidole kwenye vyuma. Pampu ikalazwa kwenye turubai. Elieza akalegeza bolti, akainua kifuniko.

Pete ilikuwemo. Ilikaa kwenye mfereji wake bila kujikunja, na mafuta yalikuwa safi, hayana hata tone la maji.

Mmoja wa vijana akaangua kicheko, wengine wakamfuata. Injinia hakucheka wala hakukasirika. Alisema funguo za banda zikabidhiwe kwa Mikaeli, na tangu siku hiyo Elieza afanye kazi chini yake. Elieza akaitikia. Uso ulimchoma, lakini walipoishusha tena pampu aliingia bandani akaketi juu ya kreti, akala mkate wote aliofungiwa na Ema, akaomba mwingine.

Vijana wakambandika jina la Pete, nalo likamganda mpaka sokoni, mtaa wa Ramadhani. Mwanzoni lilimuuma. Mikaeli hakumwita hivyo hata mara moja. Pampu ilipofunguliwa tena kusafishwa, alimweka Elieza upande wa pili wa turubai, na kila kipande kilichoingia kikatajwa kwa sauti na wote wawili kabla ya kufunikwa. Kazi ikawa ndefu zaidi. Jioni Elieza alirudi kwake kwa miguu, akikata njia katikati ya miwati, kwa mwendo uleule wa haraka ambao watu walimjua nao.